Kesi Zisizofika Kitui

Ukitoka Machakos kwenda Kitui, gari linapita Masii, kisha Wamunyu, mji wa wachonga vinyago ambao ufundi wao husimuliwa kuwa uliletwa na Mutisya Munge aliporudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbele ya Wamunyu barabara inateremka hadi Mto Athi, halafu inapanda upande wa Yatta, uwanda mwembamba ulioachwa na lava iliyotiririka kwa karibu kilomita 300. Udongo ni mwekundu. Migunga imesimama mbalimbali, na penye kivuli pamefungwa punda.

Makanga aligonga bati la gari, akatuteremsha Kwa Vonza jua likiwa utosini.

Wenyeji wanasimulia soko hili lilivyokuwa dogo kabla ya wanafunzi kuja. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho makao yake makuu yako ndani huko kutoka barabara kuu, kilipata hati yake mwaka 2013. Kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Nairobi, na zamani zaidi palikuwa na taasisi ya kilimo. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kina tawi hapa. Leo pana vyumba vya kupanga, vibanda vya chipsi, maduka ya M-Pesa na boda boda wanaogombea mteja. Na pale ardhi inapopanda bei, mpaka uliokuwa ukijulikana kwa mdomo tu huanza kuulizwa maswali.

Maswali hayo, pamoja na mbuzi walioingia shambani, kodi ambazo hazijalipwa, mikopo ya chama na matusi ya harusini, ndiyo yanayojaza madaftari ya mwenyeji wangu. Yeye ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kijijini hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu, hata kwa watu wenye wajukuu. Anafanya kazi mbili zisizo na mshahara. Huketi na wazee wenzake katika baraza la naibu wa chifu kusikiliza mashauri, na pia ni afisa wa probesheni wa kujitolea.

Hiyo kazi ya pili haijulikani na wengi. Kitui ni kaunti ya zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Maofisa wa probesheni walioajiriwa hawawezi kumfikia kila aliyeachiliwa kwa masharti, wala kila anayetumikia adhabu yake nje ya gereza chini ya Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, ile inayomwezesha aliyepaswa kufungwa miaka mitatu au chini ya hapo kufanya kazi ya umma bila malipo. Kwa hiyo idara huteua raia wenye heshima zao, wanaoishi kule kule, wamtembelee mtu huyo na kujua anaendeleaje. Kenya iliiga mfano wa Japani, ambako sheria ya mwaka 1950 iliwapa nafasi rasmi watu wa kujitolea waitwao hogoshi, na ambako hadi leo idadi yao ni mara nyingi ya ile ya maofisa wa mshahara.

"Mimi simlindi mtu," alisema Mwalimu tukitembea. "Napita tu kumsalimia. Lakini anajua nitapita."

Shauri la siku hiyo lilihusu mbuzi na ndengu. Ndengu ni pesa ya Kitui: hupandwa mvua ya vuli inapoanza, huvunwa mapema, na hustahimili ukame unaoangusha mahindi. Kundi la mbuzi lilikuwa limeingia katika shamba la mjane mmoja maua yakiwa yameanza kutoka. Mchungaji alikuwa mvulana wa gredi ya tano. Mwenye mbuzi, baba wa mvulana, alikuwa binamu ya marehemu mume wa mama huyo.

Kwanza mjane alikuwa ametaka polisi. Polisi wangemfanya nini mtoto? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kwa walio juu ya umri huo ikafungua njia za kuwaepusha na mahakama, zikiwemo fidia na vikao vya familia. Mvulana alikuwa hajatimiza 12. Basi wakakutana chini ya mti nyuma ya ofisi ya naibu wa chifu: wazee wanne, wanawake wawili wa kamati, pande mbili, na majirani waliojileta wenyewe.

Kikao kilianza kwa maombi, kama kila kikao cha Ukambani. Mwalimu akataja masharti: kila upande utasema hadi umalize, hakuna kukatizana, na simu zizimwe. Sharti la simu ndilo lililovunjwa kwanza, na mmoja wa wazee.

Mama alieleza hasara yake mstari kwa mstari. Mwenye mbuzi akasikiliza akichora ardhi kwa kijiti, kisha akajitetea kifupi:

"Mwalimu, mbuzi hawana akili."

"Hawana akili," mama akajibu, "lakini wana mwenyewe."

Watu walicheka, na kwa kicheko kile jambo lingeweza kuishia kwenye hesabu ya magorogoro ya ndengu. Mmoja wa wale wanawake wawili hakucheka. Aliuliza mbuzi walipitia wapi. Ikajulikana kwamba walipitia pale palipokuwa na mikonge ya mpaka, na kwamba mikonge ile ilikuwa imeng'olewa tangu kabla ya mvua. Hapo mwenye mbuzi akaacha kuchora.

Kikao kizima kikanyanyuka kwenda shambani. Hili huwezi kulifanya katika chumba cha mahakama, ambako hakimu ana mafaili mengine mezani na shamba liko mbali. Wazee walitembea juu ya mpaka, wakagusa mashina yaliyokatika, wakaulizana nani alikuwepo marehemu baba mkubwa alipopanda mikonge ile. Mzee mmoja alikuwepo. Alikuwa kijana, alisema, na alilipwa kwa uji.

Ulipofika wakati wa kudai, mjane alitaka mambo mawili. La kwanza ndengu, kwa kipimo, siku ya mavuno, kutoka shamba la mwenye mbuzi. La pili shemeji yake aseme mbele ya watu kwa nini aling'oa mikonge. Shemeji alikaa kimya muda mrefu kuliko inavyostahimilika, mpaka jirani mmoja akakohoa. Kisha akasema alitaka kuuza kipande, na mnunuzi alipenda ploti iwe pana. Hakuomba msamaha kwa maneno mengi. Alisema atapanda mikonge mwenyewe, na mwanawe atamsaidia.

Yote yaliandikwa daftarini: nini kitalipwa, lini, nani atashuhudia kupandwa kwa mpaka, Mwalimu atapita siku gani kuangalia. Pande zote zikatia sahihi, mmoja kwa dole gumba. Nilidhani shughuli imekwisha. Kumbe kwa wazee hawa kikao ndiyo sehemu nyepesi. Kesi hurudi pale malipo yanapocheleweshwa na hakuna mtu anayeuliza. Daftari la Mwalimu lina kurasa za mashauri, lakini nyingi zaidi ni za ziara: alilipa nusu, hakumkuta, amepanda mikonge kumi, amehamia Nairobi.

Mfumo huu ni wa kale kuliko wilaya yenyewe. Charles Dundas, afisa wa kikoloni aliyechapisha historia ya Kitui mwaka 1913, na D. J. Penwill, aliyetoa kitabu kuhusu sheria za kimila za Wakamba mwaka 1951, walikuta wazee wa nzama, yaani baraza, wakiamua mashauri ya utui wao, yaani kitongoji chao, na ukoo, yaani mbai, ukibeba deni la mtu wake. Kwa kawaida aliyeua hakunyongwa. Ukoo wake ulilipa ng'ombe kwa ukoo uliofiwa. Ardhi nayo ilikuwa na madaraja: ng'undu, shamba la urithi; kisesi, malisho ambayo mtu alijitengea; na weu, nyika ya wote. Sehemu kubwa ya ugomvi wa leo upande wa Yatta ni weu iliyogeuka ploti ndani ya vizazi viwili.

Ushahidi ulipogongana palikuwa na kithitu, kiapo kilichoogopwa kiasi kwamba wengi walikiri kabla ya kukigusa. Iliaminika kuwa aliyeapa uongo angekufa yeye na jamaa zake. Nilipokitaja, wazee walinitazama kama mtu aliyetaja deni la mwenzake hadharani. Kanisa linakikataa, na wengi wao ni watu wa kanisa. Hata hivyo hakuna aliyesema hakifanyi kazi.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyowapa wazee hawa mahali pa kusimama. Kifungu cha 159 kinaziagiza mahakama zihimize upatanisho, usuluhishi na njia za kimila, ila kinaweka mpaka: njia hizo zisivunje Sheria ya Haki, wala zisiwe kinyume cha haki na maadili. Mpaka huo ulijaribiwa mapema. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji baada ya familia mbili kupatana kwa mila za Kisomali na dini ya Kiislamu, na mawakili wamekuwa wakiubishania uamuzi huo tangu hapo. Mwaka 2016 Jaji Mkuu Willy Mutunga aliunda jopo chini ya Jaji Joel Ngugi lichunguze mifumo hii, na Agosti 2020 Jaji Mkuu David Maraga akazindua sera yake. Mrithi wao, Martha Koome, ameisukuma hadi kaunti kadhaa zina vituo ambako wazee na wasajili wa mahakama hukaa karibu.

Magharibi nako njia hii ilianza na afisa wa probesheni. Mwaka 1974 vijana wawili wa Elmira, mkoa wa Ontario, Kanada, waliharibu mali za watu 22 kwa usiku mmoja wa ulevi. Afisa Mark Yantzi alimshauri hakimu awaache wabishe hodi kwa kila mlango, wakutane na waliowakosea, na walipe. Vitabu vingi vya haki ya kurejesha huanzia hapo, ingawa mzee yeyote wa nzama angeshangaa kusikia kwamba hilo lilihitaji kuvumbuliwa. Nyuzilandi ilikuwa na unyenyekevu zaidi: sheria yake ya watoto ya mwaka 1989 iliweka kikao cha familia katikati ya mashauri ya vijana, na haikuficha kuwa ilijifunza kwa Wamaori.

Lakini nilikuwa na swali, nalo nilimuuliza yule mama aliyeuliza mbuzi walipitia wapi. Tulikuwa tumeketi kwenye kibanda cha chakula, muthokoi mezani. Je, kama asingekuwepo siku ile?

"Mjane angepata ndengu tu," alisema. "Mpaka ungebaki kwa mwenye mbuzi."

Yeye ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa watu wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Anajua kifungu na anajua mlango wa kila nyumba. Kwa desturi ya zamani mwanamke alifika mbele ya nzama kama shahidi au kama mlalamikaji aliyesemewa na mwanamume, nadra kama mwamuzi. Leo kamati nyingi zina wanawake, ila kuwepo kwao hutegemea busara ya chifu. Tanzania imefanya vizuri zaidi katika hili: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Hesabu hiyo haitegemei hisani ya mtu.

Mashauri magumu zaidi kwake ni ya urithi. Mabinti wanaorudi nyumbani ndoa zikivunjika huambiwa hawana mahali, ilhali Sheria ya Urithi imetumika tangu 1981 na Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, mwaka 2005, kwamba binti hapungui kwa sababu ya jinsia. Wapo pia watoto wa iweto, mwanamke aliyeolewa na mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume ili nyumba yake isizimike. Mila inawatambua kabisa. Baba wadogo na binamu wenye macho kwenye shamba huanza kuisahau mila siku ya mazishi. Na wapo yatima. Wengi walifiwa kwa ukimwi, na Padri Angelo D'Agostino alianzisha humu Kitui kijiji cha Nyumbani, ambako mabibi waliofiwa na watoto wao huwalea wajukuu wao pamoja na watoto wa wengine waliofiwa na wazazi. Yatima aliyelelewa vizuri bado huhitaji mtu wa kumwambia shamba la baba yake liliishia wapi.

Kisha kuna yale ambayo kamati haipaswi kuyagusa. Msaidizi huyo wa kisheria aliyataja bila kuulizwa. Mtoto akinajisiwa, familia mbili huweza kuketi usiku, mbuzi wakatolewa, na asubuhi mashahidi wakawa hawakumbuki kitu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, iliyoletwa bungeni na Njoki Ndung'u, haimwachii mzazi wala mzee uwezo wa kuiondoa kesi kama hiyo. Bado hutokea, Ukambani na kwingineko. "Wakiniita kwenye kikao cha namna hiyo," alisema, "mimi huenda. Nasikiliza majina, halafu napanda boda hadi polisi." Amewahi kunyimwa salamu sokoni kwa sababu hiyo.

Nauli ya boda ni yake mwenyewe. Hapa ndipo sifa za kujitolea zinaponichosha kidogo. Zamani wazee walikula mbuzi wa faini na kunywa pombe ya kienyeji iliyotolewa na pande zote, malipo yaliyoonekana na kila mtu. Leo mbuzi hayupo na mshahara haupo, na mtu akipewa "chai" kando na upande mmoja, nani atasema? Rwanda, ambayo wapatanishi wake waitwao abunzi wamekuwa kwenye sheria tangu 2004, nayo haiwalipi mshahara, lakini huwalipia bima ya afya wao na familia zao. Wazee wa vijiji wa Kenya wameishi kwa ahadi za posho miaka mingi. Mahakama inayojivunia mafaili yaliyopungua ingeweza kuanza na nauli.

Mwalimu hakubaliani nami. Anaogopa kwamba siku posho itakapokuja, itakuja pamoja na orodha, na orodha itaandikwa na mwanasiasa.

Kutoka Kwa Vonza nilielekea Makueni, nikaishia mji wa Wote. Kule mashauri yana harufu nyingine: mchanga. Mito ya Ukambani hukauka juu na kubaki na maji chini ya mchanga, ndiyo maana wanakijiji hujenga mabwawa ya mchanga na kufukua visima mitoni. Lori likibeba mchanga kwenda kwenye majengo ya Nairobi, linabeba na kisima. Watu wameuana kwa jambo hili. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015 na kuiwekea mamlaka maalumu, lakini mgomvi wa kwanza huwa ndani ya nyumba: kijana anayelipwa kupakia lori usiku, na mamake anayetembea mbali zaidi kuteka maji mchana. Wapatanishi wa Wote wanasema kesi hizo huisha haraka kijana akipata kibarua kingine, na haziishi kabisa akikosa.

Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa 2018 karibu na pale Mto Thwake unapokutana na Athi mpakani mwa Makueni na Kitui, limeleta namna yake. Fidia ya ardhi hulipwa kwa jina lililo kwenye hati, na hati nyingi bado zina jina la babu. Pesa zikaingia kwa mmoja, ndugu watano wakabaki na picha ya bwawa. Mahakamani ni kesi ya mirathi itakayochukua miaka. Chini ya mti inaweza kuchukua majuma, mradi aliyepokea hajamaliza kuzitumia.

Nilipoagana na wapatanishi wa Wote walikuwa wakipanga kikao huko Tawa. Ndugu watatu, mpaka mmoja, pikipiki iliyonunuliwa kwa pesa za wote. Wawili wamekubali kufika. Wa tatu yuko Mombasa, hana ruhusa kazini, na walikuwa wakibishana kama atasikilizwa kwa simu iliyowekwa kwenye spika, au kikao kisubiri Krismasi atakaporudi na mkewe, ambaye wote walikubali ndiye anayejua pesa zilikwenda wapi.